Pilau ya Watani

Niwashukuru Wazaramo kwanza, kabla hasira hazijanipanda tena. Nikianza kwa kueleza walichotufanyia kwenye harusi ya Milembe nitatukana, na mimi ndiye tabibu wa mtaa, watu wananitazama. Kwa hiyo ahsanteni, watani zangu. Mlituponza, halafu mkatuokoa. Haya, sasa nieleze.

Mtaa wetu wa Igombe uko Mwezini, chini ya mwamba, kusini mwa Mji Mkuu. Waliouchimba walitoka Tabora, na ule mzaha kwamba Wanyamwezi hatimaye wamerudi kwao tumeusikia mpaka masikio yamechoka. Tuna lango moja la kwenda Mjini, bomba moja la hewa na bomba moja la maji. Maji tunayooga huku husafishwa yakanyweka kule, na ya kule hunyweka huku. Hakuna anayeona kinyaa, tumezaliwa tukakuta mambo yako hivyo.

Chakula chetu hutoka kwenye vifuko vilivyofungwa kiwandani. Hakina mdudu, hakina uvundo na, nisiwafiche, hakina ladha. Ndiyo maana kwetu harusi ni harusi kweli. Tunaomba kibali, tunawasha majiko, tunapika mchele uliolimwa chini ya taa kwa bizari na vitunguu, na watu wazima na akili zao hujipanga nje ya jiko ili wanuse tu. Mzee Mihambo, baba wa bibi harusi, alikuwa ametembea kifua mbele wiki nzima kwa ajili ya pilau yake.

Basi sherehe imepamba moto, watu wanapakuliwa, mara sufuria kubwa kuliko zote haipo.

"Nani kaigusa sufuria yangu?" Mzee Mihambo akauliza.

Pazi akapanda juu ya kiti. Huyu Pazi Mwinshehe ni fundi wetu wa pampu, Mzaramo aliyezaliwa hukuhuku na hajawahi kuiona bahari kwa macho yake, lakini domo lake ni la pwani kabisa. "Sufuria yenu tumeiteka!" akatangaza. "Sisi mabwana zenu hatukualikwa kwa heshima, tumekaribishwa kama wapagazi. Mzee Mihambo asimame hapa mbele ya wakwe zake, akiri kwamba Mzaramo ni bwana wake, kisha atuchezee mdundiko, ngoma yetu. Vinginevyo mtakula vifuko."

Ukumbi ukalipuka kwa vicheko. Utani huo ni wa tangu enzi za misafara ya miguu, mababu zetu wakibeba mizigo kwenda pwani na mababu zao wakiwapokea kwa kejeli, na tulipohamia huku tulikuja nao. Mtani akikuteka kitu humkasirikii, unakikomboa. Na kwa mila ya mtaa wetu aliyeteka hali alichokiteka, hata akibembelezwa, maana itakuwa wizi.

Mzee Mihambo alikataa. Mkaidi yule! Watu wakala kilichobaki, wakacheza, wakaenda kulala, na mzee bado kanuna. Asubuhi mkewe akamwambia wageni wanaondoka na aibu itabaki nyumbani kwake. Ndipo akasimama, akacheza mdundiko na magoti yake yale, tukalia kwa kucheka. Sufuria ikatoka mafichoni. Ikapashwa moto, ikaliwa na chai. Kiporo cha pilau, jamani! Nilikosa tu kwa sababu nilikuwa zahanati nikifunga mkono wa mlevi mmoja, na hilo nalo namshukuru mlevi.

* * *

Kabla ya adhuhuri waliniita mbio nyumbani kwa Mzee Mihambo.

Hali haikuwa hali. Huku kwetu uzito ni mdogo, mtu akitapika matapishi hayaanguki miguuni pake, yanavuka chumba. Bibi harusi alikuwa amejikunja kwenye kona na hina yake mikononi. Bwana harusi kashika ndoo, mama mkwe wake kashika ndoo, Mzee Mihambo mwenyewe kashika ukuta. Na wote walikuwa na woga ambao mtu wa Duniani hawezi kuuelewa, kwa sababu wengi wao hawajawahi kutapika tangu wazaliwe.

"Tunakufa, Tabibu," akasema Mzee Mihambo.

"Hufi, baba. Kaa chini."

Nikasema hivyo, lakini macho yangu hayakuwa kwake. Ukutani taa ya Mnara ilikuwa imeshakuwa nyekundu.

Kila mmoja wetu ana punje tumboni. Mtoto humezeshwa akiacha ziwa, nayo hujibandika kwenye ukuta wa utumbo ikakaa humo maisha yake yote, ikionja kila kinachopita. Ikikuta utumbo umechafuka hupeleka habari Mnarani. Mnara ndio unaosimamia hewa, maji na malango ya mji mzima. Sasa walioitengeneza punje waliipa maneno mawili tu ya kusema: salama na hatari. Wazee wetu waliwahi kuomba iongezewe la tatu, la tumbo la kawaida, la mtu aliyekula vibaya. Wakajibiwa kwamba huku hakuna kula vibaya. Wataalamu nao!

Punje nyingi za mtaa mmoja zikisema hatari kwa pamoja, Mnara hulizuia lango, kisha humgeukia tabibu wa mtaa na kumuuliza swali moja: chakula au virusi? Akisema chakula, maisha yanaendelea. Akisema virusi, lango linafungwa, hewa na maji vinatengwa, na hakuna kinachotoka mpaka ugonjwa uishe. Asipojibu kabla ya zamu ya alasiri ya kubadilisha hewa, Mnara unalichukua jibu kuwa virusi. Maabara ya kupima iko Mjini. Ukirusha kinyesi kwa bomba la sampuli leo, jibu unalipata kesho.

Na sheria hiyo hatuichezei. Nilikuwa mtoto mdogo virusi vya tumbo vilipoingia Mjini kwa meli, vikapita kwenye maji na mikono ya watu. Mtu mzima alihara, akalegea, akapona. Watoto wachanga walikauka mikononi mwa mama zao, na wodi ya wazazi ndiyo iliyoumia kuliko zote kwa sababu mle wote wanavuta hewa moja na kuguswa na mikono ileile. Makaburi yao yako nyuma ya bustani ya taa. Sote tunapajua.

Nikavaa glavu, nikaanza kuuliza. Mimi nilisomea Tabora yenyewe, Duniani, ambako kuumwa tumbo ni habari ya kila Jumatatu, na nawashukuru walimu wangu wa kule waliotulazimisha kuuliza kabla ya kugusa kipimo. Kilitangulia nini, kutapika au kuhara? Kilianza lini? Una homa? Viungo vinauma? Umekula nini, na aliyelala chumba kimoja na wewe anaumwa?

Majibu yakaanza kujipanga. Wote walianza ghafla, muda mfupi baada ya chai. Wote walitangulia kutapika. Hakuna mwenye homa. Hakuna anayelalamika mwili. Watoto wadogo wa Mzee Mihambo waliochelewa kuamka wakakuta sufuria tupu walikuwa wazima, wanalia tu kwa kuwaonea huruma wenzao.

"Na Wazaramo?" nikauliza.

Shemeji mmoja akasema kwa sauti ya chini, "Wazaramo wote wazima. Hata mmoja hajatapika. Wametupiga kitu, Tabibu."

"Wamewapiga nini! Wazaramo hawakula, wameshika mila." Nikamgeukia Pazi, aliyekuwa amesimama mlangoni uso umempauka, domo lote limemwisha. "Pazi, sufuria mliificha wapi?"

"Chumba cha pampu, Tabibu. Nyuma ya mabomba ya maji moto. Tulijua hapo hawatatafuta."

"Usiku kucha?"

"Mzee si alikataa kucheza?"

Nilitamani kumzaba kibao na kumkumbatia kwa pamoja. Wali uliopikwa huwa na mbegu za kijidudu zisizokufa kwa moto. Ukiuweka penye baridi, mbegu hulala. Ukiuweka penye joto usiku kucha, huamka, huzaana na kutoa sumu, na sumu hiyo ukiipasha moto mara mia haiondoki. Ukila, unatapika ndani ya saa chache, unalaani uliozaliwa nao, na kesho yake uko sokoni. Virusi haviendi mbio hivyo. Virusi vikiingia vinakaa kwanza siku nzima au mbili kimyakimya, halafu huja na kuhara maji, mwili kuuma na kijoto. Na havijali nani kala nini.

"Ni pilau," nikawaambia. "Ni kiporo, jamani. Kunyweni maji ya chumvi na sukari, kidogokidogo. Kesho mtacheka."

Mzee Mihambo akainua kichwa kutoka kwenye ndoo yake. "Pazi," akasema, "nikipona nitakuua."

Hapo nikajua anapona.

* * *

Nimewaficha mtu mmoja, lakini si kwa ubaya. Hata siku ile nilimfikia mwisho.

Kabula, dada mkubwa wa bibi harusi, alikuwa chumba cha nyuma amelala ubavu. Mimba yake ilikuwa imetimia, na kondo la nyuma lilikuwa limekaa chini, limeziba njia ya mtoto. Mwanamke wa namna hiyo hazai kwa kusukuma. Akijaribu, damu yote inamtoka. Ilikuwa imeshapangwa avuke lango jioni ileile kwenda Hospitali ya Mjini, wampasue. Mumewe alikuwa ametangulia kule na nguo za mtoto.

Alikuwa ametapika, alikuwa anahara. Nilipofunua shuka nikaona damu mbichi, si nyingi, lakini ilikuwa imeanza.

"Tangu lini, mdogo wangu?"

"Damu ni sasa hivi."

"Na tumbo?"

"Asubuhi. Kama wenzangu."

"Pilau ulikula?"

Akanitazama. "Nilikula, Tabibu. Kidogo tu."

Alikuwa na joto kidogo. Nikajiambia wajawazito huwa na joto. Alipogeuka aliugua akashika kiuno, nikajiambia mjamzito gani asiyeumwa kiuno. Nilikuwa na jibu langu tayari na nililipenda jibu hilo, kwa sababu lilimpitisha Kabula langoni.

Nikaita gari la hospitali, tukamweka kwenye kiti cha magurudumu. Mama yake na wengine walikuwa hawajiwezi, Mzee Mihambo ndiye aliyejikokota nyuma yetu na ndoo yake. Nilimwambia abaki kwenye kona ya njia, asije akatapika mbele ya walinzi wakatuogopa bure. Nikasukuma kiti peke yangu mpaka langoni.

Lango la Igombe ni pana na zito, na pembeni yake kuna kioo cha kuzungumza na Mnara. Upande wa pili, kwenye dirisha dogo, nilimwona muuguzi wa Mjini amesimama na machela, ananipungia mkono. Gari la hospitali lilikuwa nyuma yake.

Mnara ukauliza, kwa ile sauti yake ya upole isiyo ya mwanamke wala mwanamume, "Tabibu Nyamizi wa Igombe. Chakula au virusi?"

Nikafungua mdomo kujibu. Kabula akanishika mkono.

"Dada," akasema. Hakusema Tabibu. "Sikula."

"Hukula nini?"

"Pilau. Harufu ya bizari imenishinda tangu mimba hii iingie. Sijaitia mdomoni. Nilikudanganya."

Nikachuchumaa mbele ya kiti chake. "Basi tumbo lilianza lini? Niambie kweli, Kabula."

"Jana, kabla hata bibi harusi hajapambwa. Nilihara maji. Mwili wote unauma, dada, mpaka nywele. Nilisema ni uchovu, nisimharibie Milembe siku yake." Akalitazama lile dirisha. "Shangazi wa bwana harusi, yule aliyekuja na meli kutoka Duniani, alikuwa analala chumbani kwangu tangu afike, siku chache kabla ya harusi. Alikuwa na tumbo la kuhara safarini. Aliniomba nisiseme, wasije wakamzuia asione harusi ya mtoto wa kaka yake. Mimi ndiye niliyemfulia nguo."

Kila swali nililouliza asubuhi ile likarudi kunizomea. Homa ipo. Viungo vinauma. Kuhara kumetangulia. Pilau hakula. Na aliyelala naye chumba kimoja alikuwa mgonjwa, ametoka melini.

Magonjwa mawili yalikuwa yameingia nyumba moja kwa wakati mmoja, na lile dogo lilikuwa limelificha kubwa.

"Narudia," Mnara ukasema. "Chakula au virusi?"

Niseme ukweli wangu hapa. Hakuna aliyemsikia ila mimi. Mnara husikiliza jibu la tabibu, hausikilizi minong'ono ya kwenye kiti cha magurudumu. Punje yake ilikuwa imesema hatari kama punje za wenzake. Ningesema chakula, na ningeweza kuapa mbele ya yeyote kwamba ushahidi wote ulionyesha chakula. Lango lingefunguka. Kabula angekuwa mezani kwa daktari bingwa kabla chai haijapoa. Nampenda Kabula. Siku niliyompokea Milembe akizaliwa, Kabula alikuja zahanati ameshika kanga ya mama yake, akaniuliza kama mtoto anaumwa mbona analia. Na yule aliyekuwa tumboni mwake alikuwa anacheza, niliona nguo ikiinuka.

Lakini angelazwa wodi ya wazazi. Angeguswa na mikono inayogusa wachanga wote.

"Ungenyamaza," nikamwambia. Niliona uchungu, na hasira pia. "Kwa nini hukunyamaza, Kabula? Ungeniachia nisijue."

"Nilitaka. Wallahi nilitaka." Machozi yalikuwa yanamshuka taratibu, yanavyoshuka huku kwetu. "Nimekuja njia nzima nikijiambia funga mdomo. Halafu huyu akanipiga teke, nikawaza wale walio kule ndani, nao walipiga teke hivihivi. Nikipita mimi nitapona. Wao?"

"Na wewe nikikubakiza?"

"Si uko wewe?"

Mungu wangu. Mimi! Kisu cha upasuaji nilikuwa nimekishika Tabora, nikiwa mwanafunzi, daktari amesimama begani kwangu.

"Kwa mara ya mwisho," Mnara ukasema. "Chakula au virusi?"

Kabula hakuniambia niseme nini. Aliuachia mkono wangu tu.

"Virusi," nikasema.

Kule dirishani muuguzi alishusha mkono. Taa za lango zikawa nyekundu, na hewa ikabadilika mlio.

* * *

Mzee Mihambo alikuja anakimbia, mgonjwa vilevile, akaruka njia nzima kwa hatua chache. "Umefunga? Umesema ni pilau, umetuambia sote ni pilau! Mwanangu anavuja damu na wewe umefunga?"

"Baba," Kabula akasema. "Ni mimi."

Hakumsikia. Alinishika mabega akanitikisa, na sikumzuia. Ningekuwa mimi ningefanya hivyohivyo. Mpaka Kabula alipopiga kelele ya uchungu, ndipo aliponiachia, na sote tukaona damu imefika magurudumuni.

Zahanati ya Igombe ina meza moja na taa moja nzuri. Daktari bingwa wa Mjini, mwanamama Mhaya mwenye sauti kavu, alikuwa ameshaingia kwenye kioo changu nilipofika. Sijawahi kuonana naye uso kwa uso. "Nyamizi, mimi ni macho, wewe ni mikono," akasema. "Una damu kiasi gani hapo?"

Nikafungua jokofu. Mfuko mmoja.

"Haitoshi," akasema. "Tafuta sasa hivi, kutoka kwa watu wazima wa afya."

Watu wazima wa afya! Nusu ya mtaa ilikuwa imekumbatia ndoo. Ndugu zake wakubwa wote walikuwa wamekula ile pilau, wamekauka maji, hakuna wa kutolewa hata tone. Nikatoka mlangoni nikiwa sijui nimwite nani.

Na walikuwa wameshajipanga.

Pazi mbele, mikono ya shati imekunjwa mpaka juu. Nyuma yake mke wake, mama yake, wadogo zake, ukoo mzima wa Wazaramo wa Igombe waliokataa kula walichoteka. Sijui nani aliwaambia. Hawakuwa na habari na woga wa virusi, au walikuwa nao wakauacha nyumbani.

"Tabibu," Pazi akasema, "sisi ndio wazima tuliobaki. Tuchukue."

Mashine ya zahanati ilizipima damu zao, ikazisafisha, ikatoa za kundi linalofaa. Mama yake Pazi alipofika zamu ya kuchomwa sindano akamwona Mzee Mihambo amesimama kwenye kona, uso umekwisha, hana hata pa kuweka mikono. Akamwita.

"Wewe mpagazi, njoo nishike mkono, naogopa sindano. Na ujue kabisa, kuanzia leo huyu binti yako ni wetu nusu. Mjukuu wako akizaliwa akaanza kudai samaki kama watu wa pwani, shauri yako."

Mzee Mihambo akaja, akapiga magoti, akaushika mkono ule akaulilia. "Mchukueni wote," akasema. "Awe Mzaramo mzima, mradi apumue."

"Loo! Leo kakiri bila kuchezeshwa," mama yake Pazi akasema, naye analia.

Sitaeleza kila kitu cha mezani. Nilikata nilipoambiwa nikate. Mikono yangu ilitetemeka mpaka daktari aliponifokea, "Nyamizi, tetemeka kesho!" ikatulia, na namshukuru kwa kunifokea. Damu ilikuwa nyingi. Huku kwetu damu haimwagiki haraka, huruka juu kisha hushuka taratibu, na kuna wakati nilikuwa siioni taa vizuri. Niliingiza mkono, nikashika kisigino, nikavuta. Mtoto wa kike, wa bluu, kimya. Nikampa mke wa Pazi, aliyekuwa amevaa glavu kwa mara ya kwanza maishani mwake, naye akamsugua mgongo kama anayesugua sufuria, akimsemesha Kizaramo. Sijui alimwambia nini. Mtoto alikasirika akalia.

"Usimsikilize," daktari akaniambia. "Mama bado. Shona."

Nikashona. Mfuko wa damu ulipokwisha mwingine ulikuwa tayari, na mwingine, na mwingine, bado una joto la mikono ya watu.

* * *

Jibu la sampuli ya Kabula niliyoirusha maabara lilifika kesho yake: virusi, vilevile vya zamani, ndugu wa vile vilivyotuzikisha watoto. Walioumwa kwa pilau walikuwa wameshasimama, wengine wanaomba chakula. Halafu, mmoja mmoja, wakaanza wengine waliokaa karibu na shangazi kwenye harusi, wakihara maji, miili inauma. Safari hii tulikuwa tunawasubiri. Kila mlango ulikuwa na ndoo ya dawa ya klorini, kila jiko lilikuwa na maji ya chumvi na sukari, kila mtoto mchanga alikuwa na mtu mmoja tu wa kumshika. Shangazi mwenyewe alizunguka nyumba hadi nyumba akifua, hataki kukaa, hataki kuambiwa pole. Mtaa uliumwa sana. Hatukuzika mtu.

Na nimewaandikia wataalamu wa punje kudai neno la tatu. Safari hii nimetia na matusi kidogo.

Lakini hilo ni la baadaye. Siku ile jibu lilipofika, nilikuwa nimekaa kando ya kitanda cha Kabula, nikimhesabia pumzi. Alikuwa mweupe midomoni, homa bado ipo. Nilikuwa nimejiandalia maneno. Nilitaka kumwambia kwamba ningeweza kumpitisha nikaacha, na kwamba mumewe amekesha upande wa pili wa lango amelaza kiganja kwenye kioo, na kwamba akinichukia nitaelewa. Nilikuwa nimeyapanga vizuri kabisa.

Akafumbua macho. Akanitafuta, akaniona.

Mama wote niliowahi kuwahudumia huuliza jambo moja wakizinduka, na nilikuwa tayari nimefungua mdomo kumjibu. Kabula hakuuliza hilo.

"Lango?" akasema.

"Limefungwa, mdogo wangu. Lilifungwa palepale."

"Watoto wa kule?"

"Wazima. Wote wazima. Hakuna hata mmoja aliyeguswa."

Akafumba macho. Nilidhani amelala tena. Kisha akatafuta mkono wangu juu ya shuka, akaubana kwa nguvu yote aliyokuwa nayo, ambayo haikuwa nyingi.

"Ahsante, dada," akasema. "Sasa niletee wangu."